Jacob Ndani ya Karatasi ya Beignet

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025

Leo shirika yetu ya Kanisa ilisali nyumbani kwa Mama Valère. Nilijua tu atatafuta njia ya kujisifu. Hakuchelewa! Tuko kwenye nia za waamini, tunaombea bagonjwa na wafu, naye anapaza sauti: tumushukuru Mungu kwa mutoto wake Valère, amefikisha abonnés, ni kusema bafuasi, elfu kumi na moja kwenye mtandao. Banamuke bote: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Hata mimi. Kinywa kilisema chenyewe.

Valère anajiita mwandishi wa mapenzi. Anapiga picha na bic ya kuandikia kwenye meno, miwani bila vioo, shati ya maua. Kitabu chake? Hakuna mutu amekiona. Mais lakini binti yangu Providence, mutoto wa tumbo hili, mwalimu wa darasa la tatu, ameandika roman nzima, kitabu cha hadithi! Cahier tatu, daftari za masomo, zimejaa mpaka pembeni kwenye marge. Inaitwa Jacob Hajarudi. Jacob wa Luofu anamupenda Rébecca, anaenda kutafuta mbuzi za mahari, na basi, nisimalizie. Mimi nilifika la sixième, darasa la sita tu, na nililia mara mbili. Mara moja ilikuwa vitunguu, mais ile ingine ilikuwa Jacob.

Sasa habari kubwa. Monsieur Melchior wa Beni, mwenye imprimerie, anatafuta roman moja ya kuchapa mbele ya Noël. Moja! Jumamosi hii anapokea baandishi. Providence anaenda. Valère naye anaenda. Providence amekwisha kukataliwa mara mbili na bachapaji bengine. Ameniambia polepole, akikunja nguo, kwamba akikataliwa mara ya tatu atafunga cahier ndani ya valise na hataandika tena. Nilijifanya sikusikia. Roho yangu ilisikia.

Nikachukua simu nione abonnés bake. Thelathini na saba. Na mimi niko humo mara mbili.

Nilimushauri. Nikamwambia mwandishi bila abonnés ni kama duka bila mulango. Akacheka. Anasema basomaji bake habana megas za kuingia mtandaoni. Banasoma cahier yenyewe, inatoka mukono kwa mukono. Kila mwenye kumaliza anaandika jina lake nyuma, kisha anapitisha kwa mwingine. Moja ilifika Lubero juu ya camion, lori la viazi, na ikarudi. Ya tatu ilikuwa Kirumba wakati risasi zilifika kule. Mwanamuke moja, Adèle, alikimbia na mutoto, sufuria na ile cahier. Alitembea nayo mpaka hapa Butembo ili airudishe. Ni kweli, nilimufungulia mulango mimi mwenyewe.

Vizuri sana. Mais ukiziangalia zile cahier! Mafuta, chai, masizi, alama ya kidole cha mutoto mwenye kula mboga ya sombe. Haya! Mutu wa imprimerie ataona hiyo?

Bwana yangu Kambere alisikiliza yote akitengeneza radio. Akasema niache mutoto atulie. Mwanaume huyu hajaona mbali hata siku moja.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimeanza kazi. Mwandishi lazima aonekane.

Nilitaka picha: Providence kwenye kiti cha baba yake, maua pande zote, macho yakitazama mbali. Maua hatuna, tuko na kabichi. Nikakumbuka maua ya plastiki kwenye kapela, mbele ya Bikira Maria. Rose nane, nyekundu kabisa. Nikasema Bikira ni mama, ataelewa mama mwenzake. Nikayaweka ndani ya kitunga chini ya kitenge.

Picha ilitoka vizuri! Providence alikuwa anasahihisha cahier za batoto ba masomo, hakujua. Ameonekana kama mutu mwenye kuteseka kwa mapenzi. Kumbe alikuwa na hesabu za kutoa. Nikatuma kwenye account yake, iko ndani ya simu yangu, nikaandika chini: Romancière mukubwa wa Kivu, mwenye kumupenda abonyeze.

Wakati narudisha maua, nani alikuwa kwenye mulango wa kapela? Mama Valère. Na sacristain, mutunza kapela, pembeni. Alikuwa ameona ile picha, na alikuwa amehesabu rose. Akaniuliza kwa sauti tamu kama Bikira Maria naye ameanza kusoma roman. Sacristain alicheka! Mutu wa Kanisa!

Nimepewa kufagia kapela wiki mbili. Picha imepata j'aime, zile alama za kupenda, kumi na tano. Donc, kwa hiyo, haikuwa bure.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Siku mbaya.

Asubuhi niliwaza: Valère anapata batu kutoka mbali, mimi niko na jamaa. Jamaa yangu haina mwisho! Nikapitisha habari kwa madada, mashemeji, binamu, mpaka bale ba Kyondo. Kila mwenye simu ajiabonne kwa Providence leo, mbele ya saa sita. Asiye na account afungue. Asiyejua kufungua aje kwangu na simu. Balikuja! Nyumba ikajaa. Nilipika mahindi ya kuchemsha.

Mais Nyamuhanga, Mungu wetu! Majina yetu sisi Banande ni yale yale, unapewa kufuata umezaliwa wa ngapi. Kila nyumba ina Masika wake, Kavira wake, Kyakimwa wake kama mimi. Nikafungua Kavira. Nikafungua Kavira. Nikafungua Kavira mwingine. Wote ndani ya chumba kimoja, wote wamezaliwa tarehe moja ya Januari, maana hakuna mwenye kukumbuka yake. Kavira wa kumi na nne, simu ikasimama. Ikaleta maandishi ya Kifaransa mingi. Shemeji aliye na diplome akasoma: banasema hawa bote ni mutu moja, ni muongo, na account ya Providence imefungwa.

Kavira kumi na nne bakasimama pale na mahindi mukononi. Dada yangu mukubwa alikasirika sana. Alimuuliza simu, kwa sauti kabisa, kama inafikiri mama yake alizaa hewa.

Nimefungua account mupya: Providence Romancière Officielle. Abonné moja. Mimi.

Valère amefikisha elfu kumi na moja mia tatu. Mama Valère alinipitia sokoni na kuniambia pole. Ile pole yake nitaikumbuka mpaka kaburi.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Nimeokoka! Akili hii, kama ningeendelea na masomo, leo ningekuwa gouverneur.

Bénite, muuza beignet, yale mandazi ya mafuta, kwenye parking ya taxi. Nani anakula beignet za Bénite? Bamotard ba pikipiki, basoda ba jeshi, bachauffeur, bakarani ba bureau. Bote bako na simu mukononi, bote banangojea, habana kazi ya kufanya na vidole. Nikamuendea mapema. Nikamuomba: kila mutu akija, mwambie ajiabonne kwa Providence mbele ya kupokea.

Bénite aliendelea kugeuza beignet ndani ya mafuta, hakuniangalia. Akasema yeye hapana pigia mutu campagne bure. Shida yake ni karatasi. Masomo yamefunguliwa, cahier za zamani zote zimekwisha kuuzwa, batu banapokea beignet moto kwa mikono na banamutukana. Nikimuletea karatasi ya kufungia, atanipa mtandao mzima wa Butembo.

Karatasi! Nilirudi nyumbani karibu kukimbia. Providence alikuwa masomoni. Kwenye meza kulikuwa registre yake nzuri, ya kartoni ngumu, amekopi roman kwa mwandiko safi kama wa masista. Na pembeni zile cahier tatu za aibu. Nikajiuliza: Kopi safi iko. Zile chafu ni za nini tena? Monsieur Melchior akiziona atafikiri tunapikia ndani.

Nikampelekea Bénite zote tatu.

Saa nane mchana: abonnés themanini. Saa kumi: mia mbili na kumi! Motard moja amejiabonne na simu mbili. Saa kumi na moja: mia nne na kumi na mbili! Nikarudi nikiimba, banamuke ba njia nzima bakauliza kama nimepata mukwe.

Providence aliingia amechoka na chaki kwenye nywele. Nilikuwa nimeshika simu nyuma ya mugongo ili nimushangaze. Mais yeye akanitangulia. Amefurahi! Monsieur Melchior ametuma ujumbe kwa baandishi bote: basilete kopi safi. Kopi safi haimwambii kitu. Balete cahier zenyewe zilizosomwa na batu. Yeye anapima kwa mafuta na kwa majina.

Nilikaa chini.

Kisha akaniambia jambo la pili, akitafuta juu ya meza, chini ya meza, ndani ya kitunga. Kwamba kwenye registre amekopi cahier mbili tu. Ya tatu, ile iliyokimbia Kirumba, bado.

Nilimwambia. Sikuficha kitu, ila ile siku ya mahindi na bakina Kavira.

Hakulia, hakupiga kelele. Alivaa viatu tena akasema, "Mama, twende." Ningependa angepiga kelele.

Bénite alikuwa amekwisha kufunga na kurudi kwake.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Tulifika parking mbele ya Bénite mwenyewe. Providence amemuomba mwenzake ashike darasa.

Na hatukuwa ba kwanza! Motard moja alikuwa pale na karatasi yenye mafuta, ameikunja ndani ya casque ya kuvaa kichwani. Alitaka kununua beignet, mais afungiwe page 15. Anasema ya jana iliishia 14. Nyuma yake mama muuza ndizi, ana 22 na 23, anatafuta 24. Nyuma yake adjudant Michée, soda wa Kasaï aliyetumwa huku, na uniforme yake yote. Huyo alininyooshea karatasi mbele ya macho. Rébecca anasikia mulango unagongwa, anaamuka, anafungua, page imekwisha. Adjudant aliuliza kwa Lingala, kisha kwa Kiswahili chake, nani alikuwa anagonga. Anasema hakula vizuri tangu jana.

Nilimuona Providence anataka kucheka na kulia pamoja.

Bénite alifika na makaa. Cahier mbili za kwanza zimekwisha kabisa, ya tatu nusu, hiyo alianza kuichana kutoka nyuma. Maganda magumu alibakisha, anapepea nayo moto. Tukayanyang'anya. Nyuma, majina! Sitini na matatu. Pembe moja imeungua, mais majina yako.

Hapo nikaonyesha kwamba niko mama. Nilipanda juu ya ubao wa Bénite, nikatangaza kama katekista: mwenye page ya Jacob airudishe, Providence atamusimulia mwenyewe yaliyofuata. Adjudant Michée akashika njia ya bamotard, mimi nikashika soko. Niligonga mulango wa karani wa commune. Nilichukua page moja kutoka kwa mutoto aliyekuwa ametengeneza nayo avion, ndege ya kurusha. Moja ilikuwa imeliwa na mbuzi, mwenye mbuzi aliomba radhi sana. Providence alikaa kwenye kiti cha Bénite akisimulia, na bachauffeur balimuzunguka, taxi ya Beni ikakosa kuondoka kwa wakati. Bapasenja habakulalamika. Bapasenja balikuwa banasikiliza!

Jua likiwa juu ya kichwa, tulihesabu cahier ya tatu. Page tisa hazipo. Tisa za mwisho.

Providence akasema basi, imekwisha. Akaanza kupanga karatasi taratibu, kama mutu anapanga nguo za marehemu. Nilimuambia aandike upya kutoka kichwani. Akajibu kwamba amejaribu, inakuja ingine, si ile.

Halafu Adèle akafika. Yule wa Kirumba. Habari ilimufikia kwenye sale, ule ukumbi wa Kanisa wanapolala bakimbizi. Mutoto mugongoni. Akauliza ni page gani zimepotea. Tukamwambia. Akakaa kwenye benchi, akamutoa mutoto na kumupa ziwa, akafunga macho, akaanza kusema.

Neno kwa neno! Kule sale, mbele ya kuirudisha, alibasomea batu ile cahier kila siku mpaka ikaingia. Alisema hakukuwa na kitu kingine cha kubapa. Providence akaandika. Machozi yakaanguka kwenye karatasi, nikamwambia asogeze kichwa. Bénite aliacha beignet ziungue, na hiyo sijawahi kuona.

Kwenye mustari wa mwisho Adèle akasimama. Akamuomba Providence ruhusa. Kwenye cahier, Jacob hajarudi na basi. Mais kule sale, yeye aliongeza kidogo, juu ya batoto bapate kulala: Rébecca anasikia hatua kwenye njia. Hatua tu. Batu hapana lala bila ile hatua.

Providence akavuta karatasi. Akaandika hatua.

Nilifilmu yote kwa simu ili niweke kwenye mtandao. Baadaye nimeangalia. Ni kidole changu, dakika ishirini na mbili.

Mbele ya kuingia nyumbani Providence alinisimamisha. Nikaapa, mukono juu: sitatoa tena hata kipande cha karatasi ndani ya nyumba hii bila kumuuliza.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Beni! Joto la kufa. Tulipanda taxi moja na Valère na mama yake, ningefanya nini. Kutoka Maboya mpaka tukapita mulima wa Kabasha Mama Valère alisoma abonnés kwa sauti. Mimi nikasoma zangu. Mia nne na kumi na mbili unasoma haraka, nikarudia.

Monsieur Melchior ni mwanaume mufupi, vidole gumba vyeusi kwa wino. Alianza na Valère. Valère akafungua simu. Elfu kumi na moja! Melchior aliangalia vizuri, hakuzarau. Kisha akauliza: kati ya hawa, nitajie moja anayengojea page, na ni page gani. Valère ni mutoto mwenye adabu, hakuongopa. Akasema kwa sasa yuko na title na picha ya mbele. Mama Valère akakohoa.

Providence akaweka zile karatasi mezani. Zilikuwa zinanuka beignet. Nilitaka kuingia chini ya sakafu. Melchior akainua moja akainusa! Akauliza mafuta haya ni ya nini. Providence akasema kweli yote, hata mimi nilivyofanya. Mutoto huyu hajui kuficha mama yake. Melchior alicheka mpaka akafuta macho, akabaki na wino kwenye uso.

Mara tatu nilijaribu kumuonyesha simu yangu. Mara tatu akanishukuru kwa Kinande, "Wasingya, mama, ngoja." Alifika kwenye majina, pale palipoungua. Hakuona vizuri. Akanigeukia mwenyewe akaniomba simu! Nikampa na mikono miwili. Akawasha torche, akasoma jina moja moja mpaka Adèle. Akanirudishia.

Kisha akasema anachukua Jacob Hajarudi. Kopi mia tatu mbele ya Noël, na kama zinatembea, tena mia tatu.

Niliruka. Nilimukumbatia Providence, nikamukumbatia Melchior, nikamukumbatia Mama Valère kwa kukosea.

Donc nauliza, na nani atanijibu? Bila simu yangu, angeona majina?

Mais hapakuisha vizuri kabisa. Tukiwa mulangoni, Melchior akamuita Valère arudi. Amesema ile sura, ile shati, yule ni Jacob mwenyewe. Anataka kumupiga picha ya couverture, ganda la mbele la kitabu.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Kwenye nia za waamini Mama Valère ameshukuru Mungu kwamba sura ya mutoto wake itakuwa juu ya roman kubwa ya mapenzi, Beni na Butembo. Hakutaja mwandishi ni nani! Banamuke bote: "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Hata mimi. Tena!

Nilimulalamikia Providence. Anasema haimusumbui, batu bafungue tu kitabu. Alikuwa amekaa na Adèle kwenye mulango, banabishana kama Rébecca angeolewa na mutu mwingine. Baba yake ameacha radio, anasikiliza. Sijui kwa nini hawa bote banatulia.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Sikulala vizuri. Abonnés banapungua! Bako mia tatu themanini. Bala-beignet hawana imani. Na Valère, tangu atangaze ile couverture, amefika elfu kumi na mbili. Kitabu cha mutoto wangu, faida kwa mutoto wa Mama Valère. Hapana, hapana, hapana.

Asubuhi Bénite amepiga simu. Habari ya Jacob imemuongezea bateja mpaka wanasimama foleni, mais karatasi imekwisha. Nikimuletea, leo hii tunapita mia tano.

Nilikumbuka kiapo changu. Niliapa kumuuliza Providence, na ningemuuliza. Mais alikuwa masomoni.

Juu ya meza kulikuwa na cahier moja. Ina page kumi na mbili tu zimeandikwa, na zimekatwa-katwa kwa bic nyekundu, mishale huku na huku, maneno yamefutwa na kurudishwa. Juu imeandikwa Rébecca Anafungua. Chafu! Na nyuma hakuna hata jina moja la musomaji, niliangalia vizuri. Donc hiyo haiwezi kuwa cahier ya maana.

Ni saa nne, Bénite amekwisha kuichana nusu, na tumefika mia nne na sita.